Mwalimu wa Ngoma, Kikundi Kisilale Mgongoni Mwako

Wadogo zangu, barua za mawifi na za wachumba wanaochelewesha posa nitazijibu toleo lijalo. Leo nafasi yote nampa mdogo wetu mmoja wa Temeke. Barua yake nimeirudia mara nyingi, na naona inawagusa wengi mnaofundisha kitu kwa mapenzi, iwe ngoma, kwaya au mpira wa pete, mkasifiwa na mtaa mzima bila mtu kuuliza mnaishije.

Anaeleza hivi. Asubuhi anauza chapati na maharage nje ya nyumba aliyopanga. Jioni, na Jumamosi kutwa, anafundisha ngoma watoto na vijana kwenye uwanja ulio nyuma ya shule ya msingi. Alijifunza kwa mama yake mkubwa, mchezaji wa enzi zile za DDC Kibisa, Muungano na vikundi vya majeshi, wakati mtu wa Dar es Salaam alikuwa akilipa kiingilio kwenda kutazama ngoma mwisho wa wiki. Watoto wake wanacheza sindimba, mdundiko, bugobogobo na msewe. Khanga na kaniki za kuchezea amenunua yeye. Ngoma zenyewe, isipokuwa moja ya kuazima, ni zake. Nauli ya kwenda kwenye maonyesho hutoka kwenye faida ya chapati. Mzazi mmoja amemwondoa binti yake akisema ngoma ni uhuni. Vijana wake wawili hodari wamehamia kikundi kingine kinacholipa. Goti la kulia linamuuma akipanda ngazi. Na sasa mumewe amepata kazi Dodoma, anataka mwezi wa kwanza wahame wote.

"Dada," ameandika, "nikiondoka watoto hawa watabaki na nani? Nikibaki, ndoa yangu itabaki na nani? Na nikianza kudai pesa, si nitakuwa nimeiuza ngoma ya mama mkubwa?"

Mdogo wangu, sogea tuzungumze.

Hukujua, lakini Jumamosi moja nilipita uwanjani kwenu nikakaa na wale akina mama wanaosubiri watoto. Nilikuta vijana wamewasha moto wa maboksi na vifuu, ngoma zimeelekezwa kwenye joto, nawe unazunguka ukizigonga moja moja kwa ncha za vidole kusikiliza kama ngozi imekaza. Hukuanza na miguu. Uliwakalisha watoto chini, ukawafanya waitamke midundo kwa mdomo, msondo upande huu, chapuo upande ule, mpaka sauti zikaanza kujibizana zenyewe. Ndipo ukawainua. Yule mtoto wa kiume mwenye fulana ya njano alikuwa kila mara anautangulia mdundo. Hukumtoa kwenye mstari wala hukumkaripia. Ulimhamisha ukamweka katikati ya wasichana wawili wanaoujua mchezo, ukamwambia asitazame miguu yao, asikilize njuga zao tu. Haukupita muda akawa anakanyaga nao pamoja, na sidhani kama alijua kuwa amesaidiwa.

Huo ni ualimu. Nimewaona walimu wa fani nyingi, na wachache sana wanajua kumrekebisha mtoto bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Kwa hiyo sitakuambia uache. Nitakuambia jambo gumu kuliko kuacha: kikundi hiki kimekuwa chako mno.

Hebu tazama. Ngoma zako, khanga zako, namba ya simu ya mialiko yako, orodha ya watoto iko kichwani mwako, na wimbo wa kuanzisha kila mchezo unaujua wewe. Ukiamka na homa, siku hiyo hakuna mazoezi. Mapenzi yako ndiyo yaliyokijenga kikundi, hilo halina ubishi. Sasa mapenzi hayohayo yafanye kazi ya pili, ya kukifundisha kikundi kusimama wakati wewe hupo. Hata pasingekuwa na safari ya Dodoma ningekuambia vivyo hivyo.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango ya wanachama, na mashindano makali ya chama na chama. Mchezaji hodari alisifiwa kwa jina, lakini chama kilikuwa cha wanachama. Na hapa kwetu Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, kabla ya siasa, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipotaka wanawake waingie chamani mwaka 1955, yeye aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaleta watu wao. Alijua wanawake wamekwisha kujipanga. Wana viongozi wanaowasikiliza, wana mahali pa kukutania, wanajua nani hajafika na kwa nini. Uhuru wa nchi hii ulipita pia kwenye viwanja vya ngoma vya wanawake, na anayechezesha watoto leo nyuma ya shule ya msingi anaendesha kitu cha ukoo huohuo. Usijiite tena mama chapati tu, kama ulivyojiita kwenye barua.

Basi, nani anaongoza usipokuwepo? Usinijibu kwamba hakuna. Nilimwona. Ni yule binti mrefu anayepiga chapuo, aliyefunga kitambaa cha kijani. Ulipogeuka kuzungumza na mzazi, watoto walianza kutawanyika, naye akagonga ubavu wa ngoma mara mbili, wakarudi mstarini. Hakuna aliyemtuma. Huyo ndiye manju wako wa kesho, na pengine yeye mwenyewe bado hajui.

Wapo watakaosema msichana haongozi wapigaji. Waambie habari za nyumba ya marehemu Hukwe Zawose. Mzee huyu Mgogo alitoka kijijini Dodoma, akapiga zeze na ilimba duniani kote, akafundisha Bagamoyo, na alifariki mwaka 2003. Katika muziki ule wanawake walikuwa waitikiaji na wachezaji. Zeze na ilimba zilikuwa mikononi mwa wanaume. Leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wamesimama mbele, wanaimba na kupiga vyombo vilevile, na mwaka 2024 walitoa albamu yao iitwayo Maisha. Mafunzo ya mzee yangekwisha siku alipozikwa kama yangebaki kwa wale tu ambao mila iliwapa nafasi ya mbele.

Anza na mchezo mmoja. Mpe mdundiko, maana watoto wote wanaujua na makosa yake ni rahisi kurekebisha. Mwambie wiki moja kabla, ili ajiandae na asidhani ni adhabu. Siku yenyewe wewe kaa benchi na akina mama. Atakosea. Ataanza kwa kasi, atasahau kuwapumzisha wadogo, atawapendelea marafiki zake. Usinyanyuke. Subiri mazoezi yaishe, mkae wawili, umuulize yeye kwanza nini hakikwenda vizuri. Utashangaa jinsi anavyojua. Baada ya hapo mwongeze mchezo wa pili, na umtafutie mwenzake, kijana mwingine wa kushika vifaa na mahudhurio, ili mzigo ulioutoa mgongoni mwako usimwangukie mtoto wa watu akiwa peke yake.

Halafu kuna daftari. Nunua daftari gumu, kila mchezo upe kurasa zake. Andika ngoma ipi inaanza, wimbo gani unafungua, wachezaji wanaingiaje, wanageuka wapi, unafungwaje. Andika pia umeupata kwa nani. Mama yako mkubwa yu hai, umesema yuko Mbagala na kumbukumbu zake bado nzuri. Mpeleke yule binti wa chapuo akamsikilize. Rekodini sauti yake kwa simu akiimba bila haraka, na muulizeni mambo ambayo hukuwahi kuuliza kwa sababu uliyaona ya kawaida: kwa nini bugobogobo inachezwa kwa majembe, nani alilima naye, nyimbo zipi zilikuwa za shambani na zipi zilizaliwa jukwaani. Wasukuma walilima kwa ngoma hiyo kabla ya sisi kuipandisha kwenye majukwaa ya Dar es Salaam, na mtoto anayejua kwamba jembe analolirusha liliwahi kugusa udongo hulishika tofauti.

Nikiwa bado kwa Wasukuma, niseme neno juu ya vijana wako wawili waliohama. Najua umeumia, na maneno uliyoandika juu ya yule mwenye kikundi kingine ni makali. Usukumani kuna vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na mamanju wawili wapinzani, Ngika na Gumha. Mpaka leo, kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Upinzani huo ndio uliowafanya watunge nyimbo mpya, walete nyoka na nungunungu kiwanjani, wasilale. Mwenye kikundi cha jirani si adui yako. Mwalike mshindane hapohapo uwanjani, watoto wenu waonane. Na hao vijana wawili waachie mlango wazi, ukitambua kwamba walikwenda kwenye nauli na posho. Hapo umefika mahali pa kuzungumza pesa.

Unauliza kama kudai malipo ni kuiuza ngoma. Mdogo wangu, kungwi hupewa ada yake. Fundi wa kuwamba hupewa haki yake. Mpiga zumari akipuliza vizuri watu hunyanyuka wakamtuza. Lini mila yetu ilisema mwenye ujuzi wa ngoma afanye kazi kwa njaa? Kufundisha bure ulikuchagua wewe kwa moyo wako mwema, na nakuheshimu kwa hilo, lakini usiwasingizie wazee.

Kwa upande wa wazazi, itisha kikao. Waeleze gharama halisi ya mwezi, kwa kusoma kutoka kwenye karatasi, bila kulalamika. Pangeni mchango mdogo ambao hata muuza mchicha anaumudu. Asiyeweza kabisa alete mkono: afue kaniki, apike uji wa Jumamosi, asindikize watoto siku ya safari. Mtoto asifukuzwe kwa sababu ya mchango. Hilo liandikwe kabisa ili lisije likategemea huruma ya mtu. Pesa zishikwe na mweka hazina ambaye si wewe, na hesabu isomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Ukishika wewe, hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, siku moja utaambiwa chapati zako zimekua kwa michango ya watoto.

Mialiko ndiyo inayoniuma zaidi, maana nimepokea barua nyingi kama yako. Kikundi kinaitwa kwenye mapokezi, watoto wanafika saa mbili asubuhi, mgeni rasmi anafika saa nane mchana, wanacheza dakika kumi, wanapewa soda na ahadi. Wenye mitambo ya muziki kwenye sherehe hiyohiyo wamelipwa, mwenye turubai amelipwa, mpishi amelipwa. Kuanzia sasa mwaliko wowote ujibiwe kwa karatasi moja: wachezaji wangapi, saa ya kufika na saa ya kuondoka, kivuli na maji, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, malipo, na nusu ya malipo kabla ya siku yenyewe. Andika kwa adabu, weka sahihi ya katibu. Wako watakaokasirika waende kwingine. Waache waende. Wanaobaki ndio watakaokuita tena. Shughuli ya msiba wa jirani au sherehe ya shule iliyokupa uwanja ni jambo jingine. Hapo mnakwenda kwa ujirani, na kikundi chenyewe ndicho kiamue, si wewe peke yako.

Ili karatasi hiyo iwe na nguvu, kisajilini kikundi. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza taratibu za BASATA, baraza la sanaa la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Andaeni katiba fupi na majina ya viongozi. Kikundi chenye usajili na akaunti kinaweza pia kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini sikiliza vizuri: huo ni mkopo, unarudishwa. Usikope kwa ajili ya sare. Kama akina mama wa kikundi wana mradi unaoingiza pesa, mathalani kukodisha viti na ngoma za shughuli au kushona mavazi ya kuchezea na kuyauza kwa shule, hapo kopeni. La sivyo, kaeni na michango yenu.

Na pesa anazotuzwa mtoto jukwaani? Nakuomba hili ulisimamie kama mzazi. Ziokotwe na mtu mmoja, zihesabiwe mbele ya wote, ziandikwe. Zikigawanywa, zigawanywe sawa, na mzazi ajue. Mtoto akizoea kwamba anayekata kiuno zaidi ndiye anayebandikwa noti, umemfundisha somo ambalo hutaweza kulifuta.

Nimefika kwa yule mama aliyemwondoa binti yake. Umeandika kwamba amekuvunjia heshima na kwamba hutamsalimia tena. Nenda kwake, mdogo wangu. Usiende na wenzako, nenda peke yako, jioni akiwa ametulia, umuulize aliona nini. Kama ni imani yake ya dini, msikilize, mheshimu, umuage kwa wema. Mtoto ni wake. Lakini mara nyingi mzazi anaposema uhuni ana picha fulani kichwani: video ya vigodoro iliyomfikia kwenye simu, au onyesho lililokwisha usiku wa manane, au kijana mkubwa aliyemwona akiwashika wasichana viuno eti anawaelekeza. Hizo ni hofu za haki, na jibu lake ni utaratibu, wala si hotuba juu ya utamaduni.

Kwanza tutenganishe mambo. Kuna ngoma za jukwaani na uwanjani, na kuna ngoma za ndani. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu na kwa sauti yake, lakini wanawake wa Unguja walimjua pia kama mwalimu wa unyago. Alipiga msondo na kuwafundisha wari mambo ya utu uzima, akina mama wakiwa peke yao. Mafunzo yale yana mahali pake, umri wake na watu wake. Mwalimu mwenye busara hayachukui ya ndani akayamwaga mbele ya mgeni rasmi kwa miili ya watoto wa darasa la nne. Sindimba nayo ilitoka kwa Wamakonde, kwenye sherehe za jando na unyago, ikasambaa nchi nzima kupitia shule na vikundi vya taifa, na kila ilipopita watu waliikata kwa kipimo chao. Nawe una haki ya kupima. Kwa watoto wadogo, fundisha magoti, mabega, mwendo wa mduara na kusikiliza ngoma. Nyonga itakuja na umri, kwa heshima. Ufundi wa sindimba uko kwenye magoti yaliyolegea na mgongo uliotulia, na mtoto anaweza kuupata bila kufanywa kitu cha kutazamwa na watu wazima.

Kisha weka kanuni na uzibandike. Mtu mzima yeyote asibaki na mtoto peke yake, wewe ukiwemo. Wasichana wasifunge khanga mbele za watu. Wapewe chumba cha shule au mapazia. Kumwelekeza mchezaji iwe kwa kuonyesha, na kama lazima umguse, umwombe kwanza, mbele ya wenzake. Watoto wasiende maonyesho ya usiku. Video zisipandishwe mtandaoni bila mzazi kukubali kwa maandishi, maana kuna watu wanaokata kipande cha mtoto anayecheza wakakiweka mahali pabaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto ulinzi dhidi ya kunyanyaswa na kutumikishwa, na hakuna kifungu kinachosema ngoma ni ruhusa ya kufanya hayo. Mpelekee yule mama karatasi ya kanuni hizo, umwambie unahitaji mtu wa kuzisimamia, na umwombe awe mmoja wa wasimamizi. Huenda akakataa. Huenda pia akawa mtu wako wa karibu kuliko wote, maana anayeogopa kwa ajili ya mtoto wake hulinda na wa mwenzake.

Wazazi mnaosoma, nanyi nina neno lenu. Mwalimu Nyerere, alipoanza urais mwezi Desemba 1962, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na alisikitika waziwazi kwamba wasomi wa wakati ule walijua kucheza rumba na waltz lakini gombe sugu, kiduo na lelemama hawakuzijua. Ngoma ilihesabiwa kuwa kazi ya taifa tangu siku za mwanzo. Kilianzishwa chuo Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo mnakijua kama TaSUBa, na mpaka leo kinatoa cheti na stashahada kwa vijana wanaotaka sanaa iwe kazi yao. Na ukitaka mfano wa jirani, Mike Wamaya wa Nairobi alifundisha watoto wa Kibera na Mathare kucheza ballet, wakihamisha madawati ya darasa ili wapate sakafu, na mwaka 2017 aliingia katika kumi bora wa tuzo ya kimataifa ya walimu, pamoja na walimu wa masomo ya darasani. Kwa hiyo mwalimu wa ngoma wa mtaa wenu akiwaita kikaoni, mwende kama mnavyokwenda akiwaita mwalimu wa hesabu.

Mwili wako sasa. Umesema goti. Mnacheza peku kwenye sakafu ya saruji mvua ikinyesha, nawe ndiye unayeonyesha kila hatua kwa kila kundi. Acha kuruka. Ruka mara moja, kisha mwite kijana aonyeshe; hilo nalo ni kumpa nafasi. Pasheni mwili kabla ya kucheza, hata mkichelewa kuanza. Mtoto akiteguka kifundo, msimkande kwa maji moto wala kumchua siku mbili za mwanzo: apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kitambaani, afungwe bandeji, ainue mguu. Akishindwa kabisa kuukanyagia, hospitali siku hiyohiyo. Na wewe goti lako lipeleke kwa daktari kabla ya kuhama, wala usiniambie pesa hakuna, tumekwisha kuizungumza.

Dodoma, basi. Nenda, mdogo wangu. Mumeo hajakuambia uache ngoma. Nimesoma barua yako nikitafuta sentensi hiyo na sikuiona. Amesema anataka familia yake iwe naye. Lakini mwezi wa kwanza ni karibu mno kwa kazi tuliyoipanga. Mweleze mezani, kama mtu anayekabidhi ofisi: nina watoto wa watu, nina vifaa, nina viongozi wapya ninaowafundisha, nipe mpaka shule zifunge muhula wa kwanza. Mwonyeshe na daftari. Mwanamume anayeona mkewe ana makabidhiano ya kufanya huelewa haraka kuliko anayeona mke analia juu ya watoto wa mtaa. Ngoma zako ziache, uandikishane na kikundi kwamba ni mali yake sasa. Najua itauma. Khanga chukua moja kama unataka.

Na huko unakokwenda, usifike na kufungua kikundi mwezi uleule. Umefundisha muda mrefu, ni zamu yako kufundishwa. Dodoma ni kwa Wagogo, na ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, ngoma wameibana katikati ya mapaja, wakicheza na kupiga kwa pamoja. Tafuta kikundi cha akina mama, wapelekee sukari na salamu, uwaombe ukae nao kama mwanafunzi. Ukiwa na jambo la kuwapelekea watoto wa Temeke likizo ya Desemba, hutaitwa mtu aliyewakimbia.

Swali la mwisho la barua yako lilihusu msondo uliopasuka. Ngozi nzuri ya ng'ombe utaipata machinjioni, chagua isiyo na matundu ya kisu, na kwa chapuo chukua ya mbuzi. Iloweke mpaka ilegee kabisa, ivutwe juu ya mdomo wa ngoma ikiwa mbichi, vigingi vipigwe kwa kupokezana huku na huku ili isiende upande, kisha ikauke taratibu kivulini kabla ya kuliona jua kali. Ukiiharakisha itapasuka tena. Manyoya yakwanguliwe ikishakaza. Yule binti wa chapuo awepo tangu kwenye kununua, na ashike upande wa pili wa ngozi wakati wa kuvuta, maana kuwamba msondo kunataka watu wawili.